Kurudi Ukara na Mizigo ya Watu

Jumatano, Kirumba

Leo tumefunga hesabu. Bosi wetu pale Mwaloni ana daftari la jalada gumu, kila kibarua na ukurasa wake: magunia uliyoshona, magunia uliyopakia, na hela uliyochukua mapema kwa kisingizio cha mgonjwa. Alinionyesha mstari mmoja wa Julai, akanitazama juu ya miwani. Nikacheka kabla hajacheka yeye. Tukajumlisha, tukatoa, akahesabu noti mara mbili, mimi mara tatu, tukapeana mikono.

Basi msimu wangu wa Mwanza umekwisha. Sisi wa kisiwa cha Ukara tukishavuna, kiangazi kikikolea, vijana hutawanyika. Kuna wanaoingia kambi za uvuvi, kuna wanaokuja mjini kusaka vibarua. Mimi huja soko la samaki la Mwaloni kufungasha dagaa. Ndiyo, dagaa. Wanavuliwa huko kwetu usiku wa giza, wanavushwa maji, nami navuka maji nyuma yao ili niwashindilie kwenye magunia wapande malori ya Kongo, Rwanda na Burundi. Wenzangu wakitaka kunichokoza huniuliza kama huko kwetu dagaa wamekataa kunitambua.

Ila kazi hiyo imenifundisha kitu ambacho kisiwani sikukijua, nacho ni bei ya mchanga. Dagaa walioanikwa juu ya chanja ukiingiza mkono kwenye gunia wanateleza, weupe kama walivyotoka majini. Walioanikwa chini wanakwaruza, na mnunuzi anayejua kazi yake hujaza kiganja, hupuliza, halafu hutazama kilichobaki kiganjani. Ameshapanga bei hapo hapo. Hao wa mchanga wengi huishia kusagwa wawe chakula cha kuku. Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile, jasho la mvuvi ni lile lile. Kilichowatenga ni miti michache na wavu uliotandazwa juu yake.

Mchana mke wangu alipiga simu. Hakusalimia sana. "Mawingu yameanza kusimama upande wa Uganda, na samadi bado iko shimoni." Mkara yeyote anaelewa maana ya maneno hayo: mvua inakuja na shamba halijapata mbolea. Nikamwambia Jumamosi napanda meli.

Nilisema hivyo nikiwa nimeketi kwa mama ntilie, tena nilisema kwa sauti. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Chai haijapoa, kijana wa mizani akaja: "Kaka, nasikia unakwenda nyumbani? Nina kabahasha ka bibi yangu." Nyuma yake dada mmoja muuza mafuta ya kula, naye ana kitenge cha mdogo wake anayeolewa Oktoba. Waswahili wamesema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wa Ukara mpe yeyote anayekwenda.

Alhamisi, mjini

Nimeshinda mjini kununua vya kwangu kabla vya watu havijanimaliza. Daladala kutoka Kirumba ilijaa mpaka kondakta akawa nje zaidi ya ndani. Nilishukia katikati ya mji, nikapanda kwa miguu Makoroboi, ambako ukitaka kitu usitazame duka; mwambie wa kwanza unayekutana naye, yeye atakuita "bosi" na kitu kitakuja chenyewe kutoka uchochoro usiouona. Nilipata viatu vya shule vya binti yangu, namba moja zaidi ya mguu wake maana miguu ya watoto haingoji muhula. Nikapata sufuria, koleo jipya la samadi lisilo na mpini (mpini tunao wenyewe, miti Ukara kila mmoja ina mwenyewe), na dawa ya minyoo ya ng'ombe kutoka duka la mifugo. Muuzaji wa dawa aliniuliza ng'ombe wanachungwa wapi. Nikamwambia hawachungwi, wanakaa ndani kwenye shimo na sisi ndio tunaowachungia majani. Akadhani namtania.

Kisha Mlango Mmoja kwa fundi cherehani. Gauni la mama nilikuwa nimelipeleka tangu Agosti. Nilipotokea tu mlangoni, fundi akakishika kitambaa akakitia chini ya sindano kana kwamba ndiyo kwanza amekikumbuka usingizini. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, sikuondoka. Mafundi wa mji mzima wana kalenda yao wenyewe na dawa yake ni kukaa. Saa kumi na moja jioni gauni likawa gauni, isipokuwa vifungo. Vifungo akanitilia kwenye karatasi, akaikunja vizuri: "Mama yako mwenyewe atavishona apendavyo." Nimeshindwa kuamua kama huo ni uungwana au ni ujanja.

Niliporudi Kirumba nilikuta shemeji yangu ameagiza betri. Si betri ya saa. Ni betri ya sola, ya maji, ile ya kuwashia taa za kuvulia dagaa. Zamani ilikuwa karabai na mafuta ya taa. Siku hizi wavuvi wengi wamehamia taa za betri, hazizimwi na upepo wala hazili mafuta. Rafiki yake wa hapa mjini kaileta kwa bodaboda, akaitua mlangoni, akanipa onyo moja: isilale. Ikilala inamwaga tindikali. Kwa hiyo kuanzia leo hadi Ukara nina kitu ambacho lazima kikae wima kuliko mimi.

Na kabla sijalala akaja jamaa wa mtaa wa pili na ombi la mifuko ya saruji. Anajenga kwao, huko saruji ni ghali, akaona meli si ndege, inabeba. Nikakataa. Akasema kumbe siku hizi nimekuwa mtu wa mjini. Nikamwacha aseme. Bahasha, kitenge, gauni, hivyo ni mizigo ya mtu. Saruji ni mzigo wa chombo, uende dirishani ukapimwe na kulipiwa kwa jina la mwenyewe. Kwa nini nina msimamo huo nitaeleza nikifika Bugolora, kwenye kivuko cha kwenda Ukara.

Ijumaa, Kabuhoro

Siku ya kuhama chumba. Nakaa Kabuhoro, kwenye zile nyumba zilizopachikwa juu ya miamba ambazo wageni huzipiga picha wakiwa chini na sisi huzipanda na ndoo kichwani. Mwanza kuna mawe yenye ukubwa wa kanisa na mtu amejenga jiko ubavuni mwake, ameanika nguo juu yake, na jiwe limekuwa ukuta wa nne bila kutozwa kodi. Asubuhi jiwe la chumba changu ni baridi, usiku linarudisha joto lote la mchana. Hilo sitalikumbuka kwa wema.

Mama mwenye nyumba ni Msukuma, mtu wa salamu ndefu. "Mwangaluka," akanianza, na tukaenda nazo mpaka kwa ng'ombe na kuku. Halafu akaingia, akakagua kitasa, akakagua dirisha, akawasha taa akazima. Hana deni kwangu, sina deni kwake, ila kulikuwa na suala la umeme. Mita ya LUKU ni moja kwa vyumba vyote na mimi ndiye niliyenunua wa mwisho. Wapangaji wenzangu wakasema yuniti zilizobaki ni sadaka ya kuwaaga. Nimewaachia. Godoro limechukuliwa na kijana wa Sengerema ambaye amekuja kushika nafasi yangu Mwaloni. Ametoa nusu ya bei, nusu ameahidi kutuma kwa simu. Nimeshaiandika kwenye hasara.

Jioni wenzangu waliniandalia ugali na sato wa kuchoma. Utani ulikuwa mmoja tu: daraja. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025, watu wa Sengerema hawakaliki. Kilomita 3 za zege juu ya ghuba! Zamani walikuwa wanapanga foleni ya kivuko kama sisi, gari la wagonjwa limesimama, harusi imesimama, maiti imesimama. Sasa wanavuka kwa dakika chache huku wakichezea simu. Yule kijana aliyenunua godoro (kwa nusu ya bei, nakumbusha) alisimama na kipande cha ugali mkononi: "Nyie wa visiwani endeleeni kuomba mawimbi. Sisi tunavuka kwa miguu."

Nikamjibu kwamba dagaa nao hawapiti darajani, na bila dagaa asingekuwa na kazi ya kuja kuanza kesho. Watu wakapiga meza. Lakini nilipopanda kwenda kulala nilikuwa bado nalifikiria daraja lake. Kwenda Ukara hakuna atakayejenga, tena sioni sababu ya kujidanganya. Sisi ni watu wa vyombo, na kinachotuhusu ni vyombo hivyo viwe vya namna gani.

Jumamosi, Bandari ya Kaskazini hadi Nansio

Mpagazi aliyebeba betri alisimama mara mbili kati ya geti na meli. "Kaka, hii ni betri au umeng'oa jiwe la Bismarck kule ziwani?" Nikamsihi asiilaze. Akaibeba wima kifuani kama mtoto mchanga aliyebatizwa leo, na kwa heshima hiyo akanitoza zaidi ya tulivyopatana.

Karani aliandika majina ya abiria, jina na namba ya simu. Kuna mama nyuma yangu alilalamika kwamba foleni haisogei, anaandikwa kama anakwenda jela. Mimi nilitaja langu taratibu na kuhakikisha limeandikwa lote.

Meli ilipong'oa nanga tuliiacha Mwanza nyuma, vilima na mabati yake yanayowaka jua, tukapita mbele ya Kirumba. Nikaona Mwaloni kutoka majini: mitumbwi imebanana, malori yameonyesha migongo, vibarua wadogo kama sisimizi. Nimefanya kazi pale muda wote huo bila kujua kuwa kutoka ziwani soko linanuka mpaka huku. Mbele zaidi kulia kuna Ilemela, uwanja wa ndege, halafu pwani inajikunja kwenda Ghuba ya Speke. Mzungu mwenyewe aliyeachiwa jina hilo, John Hanning Speke, alifika Mwanza Agosti 3, 1858, akalitazama ziwa akiwa juu ya kilima, akalipa jina la malkia wake, akageuza. Wenye mitumbwi walikuwa wanapita chini yake muda wote huo wakienda Ukerewe kwa shughuli zao.

Jirani yangu kwenye benchi alikuwa bibi mmoja wa Nansio, mji wa Ukerewe tunakokwenda, ametoka hospitali ya Bugando kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja limefungwa bandeji na lingine halitulii. Aliniuliza kwetu wapi, baba yangu nani, mama katoka ukoo gani, mpaka akapata mtu tunayefahamiana wote wawili. Alipompata akaridhika, akanikatia chapati. Mbele yetu alikaa mwanafunzi wa sekondari anayerudi nyumbani, mtoto mwenye akili na mdomo. Akaanza kutusomesha: ziwa hili lina kilomita za mraba 68,800, karibu nusu yake ni ya Tanzania, zinazobaki za Uganda na Kenya. Hakuna kubwa zaidi Afrika. Ila kwa kina, akasema, tusijisifu. Tanganyika ina mita 1,470, letu halizidi sana 80.

"Mjukuu wangu," bibi akamwambia, "hata mita mbili zinatosha."

Kikapita kimya kidogo. Kisha akatueleza kwamba Mei 1996 alikuwa Mwanza kwa dada yake meli ya MV Bukoba ilipozama. Tarehe 21, asubuhi, meli inatoka Bukoba, imeshaukaribia mji. Zaidi ya watu 800 walikufa. Alisema alichokishika kichwani ni Uwanja wa Nyamagana ukijaa watu wanaotafuta ndugu zao, na baadaye makaburi ya Igoma. Yule kijana hakuendelea na takwimu zake. Bibi akampa naye chapati.

Mchana upepo uligeuka, ukaanza kuvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu kama kawaida yake kila jua likipanda, na meli ikaanza kuyumba. Kuku wa mtu mmoja walifunguka wakakimbilia chini ya viti. Nilikaa nimebana betri kati ya magoti yangu mpaka Nansio. Bibi aliposhuka alinitania kwamba mke wangu atakuwa na wivu.

Jumapili, Nansio

Sina mengi ya leo. Nimelala kwa mjomba, nimekwenda misa naye, nimekula machungwa ya Ukerewe mpaka ulimi ukachoka. Haya machungwa Mwanza tunayanunua yakiwa yamepigwa jua siku mbili. Hapa unayakata yakiwa na baridi ya mti. Nimekabidhi simu ya binamu iliyokuwa kwa fundi mjini. Ameiwasha, amekuta ujumbe wa miezi yote mitatu, amejifungia chumbani. Mzigo mmoja umepungua.

Mjomba alitaka nikae hadi Jumatano. Nikamwambia samadi. Hakubisha tena.

Jumatatu, Bugolora hadi Bwisya

Gari la kwenda Bugolora halina saa, lina idadi. Likijaa linaondoka. Tulikaa tukitazamana na kuhesabu viti hadi walimu wawili na mtu mwenye mbuzi walipotuokoa. Njia nzima ni mihogo, miembe, mawe, watoto wa shule, mihogo tena.

Bugolora ndipo unaposimama na kuiona Ukara ng'ambo, imekaa juu ya maji na vilima vyake vya mawe, karibu kiasi kwamba mgeni anaweza kuuliza kwa nini tunalipa nauli. Hapa nilisema nitaeleza.

Septemba 20, 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio hapa Bugolora. Watu wa Ukara walikuwa wamevuka kuuza na kununua, na mchana wakapanda MV Nyerere kurudi. Kivuko kilikuwa cha watu 101. Waliokufa ni 228, na waliookolewa wakiwa hai ni 41. Hesabu iliyobaki fanya mwenyewe. Tena juu ya watu hao kulikuwa na mizigo ya gulioni. Kilipinduka kikiwa kimeshavuka, kimefika Bwisya kabisa, watu waliosimama gatini kupokea ndugu zao wanakiona. Abiria walishaanza kusogea upande mmoja wajiandae kushuka. Fundi wa mitambo mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, alikuwa amejibana ndani ya chombo kilichogeuka, mahali palipobaki hewa.

Mimi sikuwemo. Nilikuwa shambani nachimba, nikasikia yowe likipita kilima hadi kilima, nikaacha jembe. Ya pale ufukweni sitayaandika. Nitaandika moja tu: yalipoanza kutolewa yale yaliyokuwamo, mizigo ilitoka pia. Mafurushi ya nguo, ndoo, viroba. Na wengi waliosimama pale waliyatambua mafurushi kabla ya kuwatambua watu, kwa sababu ni wao walioyaagiza. "Hiki kiroba nilimwagiza mimi." Nimeisikia sentensi hiyo kwa masikio yangu kutoka kwa mtu mzima, na kila ninapoombwa kubeba kitu najikuta nakipima kwa mkono kwanza. Ndiyo maana yule wa saruji nilimkatalia. Aniite mtu wa mjini, sawa.

Leo kivuko ni MV Ukara II, kikubwa kuliko kile, na wamejifunza kuhesabu watu. Au tuseme wanahesabu zaidi. Alikuwepo kijana wa geti aliyezuia watu walipofika kiwango, na kulikuwa na mzee mwenye sauti aliyetaka apite kwa sababu ni mmoja tu. Kijana akamjibu, bila hasira: "Mzee wangu, kila mtu ni mmoja tu." Nilitamani kumpa mkono lakini mikono yote miwili ilikuwa na betri.

Tulivuka maji yakiwa yametulia. Karibu na Bwisya watu hupunguza mazungumzo bila kuambiwa, halafu chombo kikigusa gati kila mtu anaongea kwa mpigo. Makaburi ya wale ambao hawakutambuliwa, na wengine waliotambuliwa ambao ndugu zao waliamua walale pamoja, yako pale pale Bwisya. Mwaka huu nilikosa siku ya kumbukumbu kwa sababu ya kibarua. Nikapita, nikavua kofia, nikaendelea.

Shemeji alikuwa ananingoja na baiskeli. Hakunisalimia mimi, alisalimia betri. Akaiinua, akaitikisa kidogo kusikiliza maji yake, akatazama vifuniko kimoja kimoja. Haikumwaga hata tone. "Usiku wa leo kuna giza," akasema, na kwa kauli hiyo nikajua hatalala nyumbani.

Jumanne, Nyamanga

Nimeamka kwa sauti ya ng'ombe akikwangua ukuta. Wapangaji wenzangu wa Kabuhoro wakisikia kwamba nalala nyumba moja na ng'ombe hucheka, lakini sisi ndivyo tulivyo tangu mababu. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, malisho hakuna. Ng'ombe anakaa ndani kwenye shimo, tunamletea majani na matawi, anakanyaga, anachanganya, shimo linapanda taratibu hadi mgongo wake unakaribia usawa wetu. Bila samadi hiyo mchanga wetu hauoti kitu. Kwenye uwele tunachomeka na marejea, mimea ya kurutubisha udongo, tunayafukia yaoze ardhini. Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakija kututazama tangu enzi za ukoloni, wanaandika, wanaondoka. Watalii nao huja kutazama lile jiwe linalocheza. Wote wanakaribishwa, ila hakuna aliyewahi kubeba hata kikapu kimoja.

Nikajipangia kugawa mizigo kwanza, kisha shimo. Kitenge nimekipeleka, bibi harusi mtarajiwa amekikunjua akakikunja, hajasema kitu, nadhani rangi siyo. Bahasha ya yule bibi ilinipeleka hadi Bukiko. Hana simu na hataki. Wajukuu wakimtumia hela kwa simu ya jirani, jirani anajua kila senti na kijiji kinafuata. Bahasha haina mdomo. Alinilazimisha kula viazi kwanza, akaihesabu hela mbele yangu, akaniuliza afya ya mjukuu wake mpaka nikaishiwa habari nikaanza kumweleza habari za mizani.

Mama amelipokea gauni akalipima juu ya nguo alizovaa. Vifungo akavimwaga kiganjani. "Fundi gani huyu?" Nikaeleza. Akasema vifungo vyenyewe vibaya, bora hakuvishona, anavyo vyake vizuri ndani ya kopo. Kwa hiyo fundi wangu wa Mlango Mmoja ameshinda kesi bila kufika mahakamani.

Ukabaki mzigo mmoja wa mwisho, boksi alilonipa dada mmoja wa Mwaloni anayefanya kazi na kikundi cha akina mama, kaniambia ni zawadi kwa wa nyumbani. Mke wangu akalifungua jikoni mbele ya mama na shangazi. Ndani kulikuwa na pakiti ndogo za plastiki, zimefungwa kwa moto, zina karatasi ya rangi yenye picha ya samaki. Dagaa. Dagaa wa kukaangwa, wana chumvi na pilipili, wa kula mkavu hivyo hivyo kama karanga.

Shangazi alicheka hadi akakaa chini. "Umevuka maji yote hayo kutuletea dagaa Ukara!" Kisha akachana moja, akatafuna. Akatafuna tena. Akaacha kucheka.

"Hawa ni wetu?"

"Wa visiwani, ndiyo. Wa chanja."

"Bei hii iliyoandikwa hapa ni ya gunia au ya haka kapakiti?"

Nikamwambia ni ya hako kapakiti. Mama akaichukua, akaipima mkononi kama wanunuzi wa Mwaloni wanavyofanya, na mke wangu akaenda kutafuta kalamu ya mtoto. Wakaanza kuulizana na kuniuliza: ndoo moja ikishakauka inatoa pakiti ngapi, mafuta yanakwenda lita ngapi, plastiki zinanunuliwa wapi, hicho cha kuzibia kinatumia umeme au mkaa. Nilichokijua nilikisema. Shangazi akataka kujua kama karatasi ya picha ni lazima. Mama akasema picha baadaye, kwanza chanja. Walio na chanja upande wetu huu ni wangapi? Wakazitaja nyumba kwa majina. Zilikuwa chache, wakaanza kuhesabu miti.

Nikachukua koleo, nikalitia mpini wa zamani, nikashuka shimoni maana jua lilikuwa linapanda na kwa kaskazini mawingu yalikuwa yamenenepa kweli. Sijatoa hata kikapu cha kwanza mke wangu akachungulia kwa juu. Niache kwanza, niwahi kwa shemeji kabla hajaingia ziwani, nikamwambie asiuze wote kesho asubuhi. Ndoo moja atuwekee, na asiimwage mchangani.